Bure si huru: hesabu ya dola 535 na maandishi ya Wacongomani

Mwezi Mei 2004, fundi wa tovuti wa Marekani aitwaye Mark Pilgrim alipiga hesabu ya programu aliyokuwa akiitumia kuandika kwenye intaneti. Programu hiyo, Movable Type, alikuwa ameizoea bila kutakiwa kuilipia. Wenye programu walikuwa wametoka tu kutangaza toleo jipya lenye masharti mapya, na kwa namna Pilgrim alivyokuwa akiitumia, hesabu ilimletea dola 535. Hakuna aliyemwibia na hakuna sheria iliyovunjwa. Masharti yalibadilika, basi.

Pilgrim hakulipa. Alihamisha maandishi yake kwenda kwenye programu changa ambayo ilikuwa haijatimiza hata mwaka mmoja, WordPress. Kisha akazichukua zile dola 535 akawapa mafundi wa WordPress, kwa hiari yake. Mtu aliyekataa kulipa alilipa kiasi kile kile mahali ambapo hakuna aliyemdai. Tarehe 14 Mei akaeleza sababu katika maandishi mafupi juu ya kile alichokiita uhuru nambari sifuri.

Miaka zaidi ya ishirini imepita. Katika miji ya mashariki mwa Congo, kuanzia Bunia hadi Kalemie, vijana wanaoandika habari, wanaokusanya historia za vijiji vyao au wanaofuatilia bei za soko wameweka karibu kazi yao yote mahali ambapo hawadaiwi kitu: ukurasa wa Facebook, kundi la WhatsApp, chaneli ya YouTube. Ukiuliza kwa nini hapo, jibu huwa fupi: ni bure. Na hapo ndipo hesabu ya Pilgrim inapowagusa.

Movable Type ilikuwa kazi ya vijana wawili, mume na mke, Ben na Mena Trott, walioitoa mwaka 2001. Kampuni yao waliiita Six Apart kwa sababu siku zao za kuzaliwa zimepishana kwa siku sita. Ilikuwa programu nzuri, na wanablogu wengi wenye majina wa miaka ile waliitumia. Mtu aliyeandika mambo yake mwenyewe aliichukua bila malipo. Aliweza hata kuifungua, kuangalia ndani na kurekebisha hiki na kile kwa matumizi yake. Kitu ambacho hakuruhusiwa ni kuigawa kwa wengine, iwe jinsi ilivyo au baada ya kuirekebisha. Wengi hawakuona shida. Nani alikuwa na haja ya kuigawa? Pilgrim mwenyewe alikiri kwamba aliiona kuwa huru kiasi cha kumtosha.

Kosa lilikuwa katika hilo neno «kutosha». Kitu kinachotosha leo kwa ridhaa ya mwenyewe kinaweza kupungua kesho kwa ridhaa yake huyo huyo. Ben na Mena Trott hawakuwa watu wabaya. Kuuza kazi ya mikono yako si dhambi, na kampuni yenye wafanyakazi inahitaji kulipa mishahara. Watu walipopiga kelele, Six Apart ililegeza baadhi ya masharti siku chache tu baadaye. Lakini hata kule kulegeza kulionyesha jambo lile lile: anayekaza na anayelegeza ni mmoja, na mtumiaji anangoja nje ya mlango kusikia kilichoamuliwa.

Wanaosema Kiingereza hupata taabu kubwa hapa, kwa sababu lugha yao ina neno moja kwa mambo mawili. Imebidi waandike kurasa na kurasa kueleza kwamba programu «free» maana yake si lazima iwe isiyo na bei. Msemaji wa Kiswahili wa Congo ana bahati mara mbili. Kiswahili kinatenganisha bure na huru. Kifaransa cha shuleni kinatenganisha gratuit na libre. Mtu anayelala kwa shangazi yake analala bure, lakini hawezi kubomoa ukuta, hawezi kumwita rafiki aje kukaa naye, na siku shangazi akiamua kuoza binti yake chumba kinahitajika. Mtoto mdogo anaelewa hilo. Ajabu ni kwamba mtu mzima, akishika simu, analisahau.

Huo uhuru nambari sifuri hakuubuni Pilgrim. Unatoka kwa Richard Stallman, Mmarekani aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983 kwa lengo la kutengeneza programu ambazo kila mtu anaweza kuzishika kama zake. Kundi lake linataja uhuru wa aina nne, na wa kwanza ndio nambari sifuri: kuitumia programu kwa kazi yoyote unayotaka. Nyingine tatu ni kusoma msimbo wake, yaani maandishi ya ndani yanayoiambia kompyuta ifanye nini, na kuurekebisha. Kuwagawia wengine nakala. Na kuwagawia wengine ile uliyoirekebisha. Leseni inayoitwa GPL iliandikwa ili kulinda mambo hayo manne. Yule anayeigawa programu baada ya kuirekebisha anatakiwa kuwapa wanaoipokea ruhusa zile zile alizopewa yeye.

Maneno haya yanaweza kuonekana kama ubishi wa watu wenye muda mwingi. Ila ushahidi wake ulikuwa tayari mbele ya macho, katika kuzaliwa kwa WordPress yenyewe.

Mwaka 2001 kijana wa kisiwa cha Corsica, Michel Valdrighi, alianza kutengeneza programu ya blogu iliyoitwa b2. Ilipata watumiaji. Kufikia mwisho wa 2002 fundi huyo alikuwa amenyamaza. Miezi ilipita bila toleo jipya. Programu ikawa kama shamba ambalo mwenyewe ameondoka bila kuaga. Mwezi Januari 2003 Matt Mullenweg, kijana wa miaka 19 wa Houston katika jimbo la Texas, aliyekuwa akiitumia b2, akaandika kwenye blogu yake juu ya shida hiyo. Programu yake haina mtu wa kuitunza, afanye nini? Alizipima nyingine zilizokuwepo wakati huo, na hakuna iliyomridhisha kabisa. Lakini b2 ilikuwa chini ya GPL. Maana yake angeweza kuichukua, kuendelea pale mwenzake alipoachia, na kuigawa kwa watu, bila kumtafuta Valdrighi wala kumwomba ruhusa. Mwingereza mmoja wa Stockport, Mike Little, akamjibu kwamba kama ana nia ya kweli yuko tayari kusaidia. Tarehe 27 Mei 2003 toleo la kwanza la WordPress likatoka.

Leo zaidi ya tovuti nne katika kila kumi duniani zinasimama juu ya WordPress. Kijana mmoja alichoka, wengine wawili katika nchi mbili tofauti wakaokota kazi yake, na maandishi ya maelfu ya watu hayakupotea. Kama b2 ingekuwa ya bure tu, ingekufa siku Valdrighi alipozima mashine yake.

Movable Type nayo ilijaribu kurudi kwenye njia hiyo. Mwezi Desemba 2007 ilitoa toleo chini ya GPL. Mwaka 2013 toleo hilo huru likasimamishwa, na programu ikabaki ya kulipia. Pilgrim angeweza kusema «niliwaambia», ila wakati huo alikuwa amenyamaza. Sababu ya ukimya wake inastahili maelezo, na yatakuja.

Kwanza hapa nyumbani. Tovuti nyingi za habari za Congo, kubwa na ndogo, zimejengwa juu ya WordPress au Drupal, na zote mbili ni programu huru. Kwa upande huo hali si mbaya. Shida iko kwa wale wengi ambao hawana tovuti kabisa. Mfano ni wa kubuni, ila hautamshangaza mtu: kijana wa Uvira anaandika kwa miaka sita kwenye ukurasa wake wa Facebook juu ya mafuriko, juu ya ajali za mitumbwi ziwani, juu ya majina ya waliozikwa. Ana wasomaji elfu thelathini. Siku moja ukurasa unafungwa kwa sababu mashine ya kampuni imeona picha ya damu na kuihesabu kosa, au kwa sababu watu wasiompenda wamejipanga na kubonyeza «ripoti» usiku mmoja. Anaandika malalamiko, anajibiwa na mashine nyingine. Haijui Uvira iko wapi. Miaka sita imekwenda, na majina ya waliozikwa yamekwenda nayo.

Au ukurasa haufungwi na mtu, anapotea mwenyewe. Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, waandishi wengi walikimbia au walijificha. Mtu anayekimbia huacha kompyuta, wakati mwingine huacha hata simu. Akifika salama ng'ambo ya ziwa na kununua simu nyingine, anajaribu kuingia kwenye akaunti yake, na akaunti inamwambia namba ya siri imetumwa kwenye namba yake ya simu. Ile ya zamani. Ile ambayo, ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni ya simu hukata na inaweza kumpa mteja mwingine. Anajulikana na wasomaji elfu thelathini lakini mlango wa nyumba yake haumtambui.

Watetezi wa Facebook na WhatsApp wana hoja, na si ndogo. Ndiko watu waliko. Kampuni za simu huuza mega za mitandao ya kijamii peke yake kwa bei ndogo, na mama anayeuza samaki Kalundu akinunua hizo hawezi kufungua tovuti ya nje hata akitaka. Kumwambia mwandishi aache WhatsApp ni kumwambia ahubiri msituni. Tena kuna ukweli wa mfuko: jina la tovuti la kawaida hugharimu kama dola kumi hadi kumi na tano kwa mwaka, na nafasi ya kuliweka ni dola chache kila mwezi. Kuna mahali ambapo fedha hiyo ni karo ya mtoto. Tena lazima ilipwe kwa kadi ya benki ambayo wengi hawana, kwa hiyo mtu anamwomba binamu aliyeko Brussels, na binamu anasahau, na tovuti inazimwa mwezi wa tatu.

Haya yote ni kweli, na anayeandika juu ya uhuru wa programu bila kuyataja anawapotosha watu. Lakini hayamlazimishi mtu kuchagua moja. Soko ni mahali pa kukutana na watu. Hakuna anayehifadhi hati ya kiwanja chake sokoni. Habari inaweza kuandikwa kwanza mahali ambapo mwandishi ana mamlaka, kisha ikapelekwa nzima, neno kwa neno, kwenye WhatsApp na Facebook ili yule mama wa Kalundu aisome bila kutoa mega ya ziada. Ukurasa ukifungwa, anapoteza meza yake sokoni. Maandishi yenyewe yanabaki.

Juu ya mega, wenye tovuti nao wana lawama yao. Maandishi ya habari ndefu, maneno 2500, hayazidi sana kilobaiti ishirini. Picha moja iliyotoka kwenye simu bila kupunguzwa inaweza kufika megabaiti tatu, yaani mara mia moja na hamsini ya maandishi yote. Ukizidisha matangazo yanayorukaruka, video inayojichezesha yenyewe na mapambo ambayo fundi aliyaweka kwa sababu yalikuja pamoja na WordPress, msomaji wa Beni analipa kwa mfuko wake vitu ambavyo hakuvitaka, na habari yenyewe inafunguka mwisho. Pilgrim, kabla ya ugomvi wa 2004, alikuwa amejulikana kwa kuwafundisha wenye blogu namna ya kutengeneza kurasa ambazo hata kipofu na mwenye mashine duni wanaweza kuzisoma. Funzo hilo halikufika kwa mafundi wengi wa hapa.

Wacongomani hawahitaji kwenda mbali kuona nini kinatokea kwa maandishi ya bure. Kijana wa miaka ya 2000 aliyesoma Kifaransa anaikumbuka Skyblog, iliyofunguliwa mwaka 2002 na redio Skyrock ya Ufaransa. Mamilioni ya vijana wa nchi zinazosema Kifaransa waliandika huko: mapenzi, nyimbo, picha za simu za kwanza, salamu kwa marafiki. Tarehe 21 Agosti 2023 ikafungwa. Taasisi mbili za Ufaransa, Maktaba ya Taifa na INA, zilichukua nakala kwa ajili ya watafiti. Kwa hiyo mama wa miaka thelathini na tano aliyeko Lubumbashi, akitaka kumwonyesha binti yake alichoandika akiwa na miaka kumi na sita, na hakujiwekea nakala mapema, anaweza kujikuta anahitaji kuwa mtafiti mjini Paris. Kabla yake GeoCities ya Marekani, iliyobeba kurasa za watu wa kawaida tangu 1994, ilifungwa na Yahoo mwaka 2009. Google nayo ilifunga Google+ mwaka 2019. Hakuna kati ya hizo iliyovunja ahadi. Ahadi haikuwepo.

Hata jina la nchi linaweza kuzimwa. Zaire ilikuwa na herufi zake kwenye intaneti, .zr. Nchi ilipobadilisha jina mwaka 1997, ikapewa .cd, na mwaka 2001 .zr ikaondolewa kabisa. Anuani yoyote iliyoishia na herufi hizo haifunguki tena popote duniani. Kwa hiyo anayedhani kununua jina ni kumaliza kazi naye akumbuke Zaire.

Na programu huru haizuii serkali kuchomoa waya. Kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kwa karibu siku ishirini. Mwenye tovuti yake na mwenye ukurasa wa Facebook walikaa gizani pamoja. Tofauti ni ndogo lakini ipo: aliyekuwa na maandishi yake kwenye mashine yake aliendelea kuandika na kupanga, na waya uliporudi akayapandisha.

Sasa Pilgrim na ukimya wake. Mwezi Oktoba 2011, bila kuaga, alifuta kila kitu alichokuwa nacho kwenye intaneti: blogu, vitabu alivyoviweka wazi, akaunti za mitandao. Aliyefungua anuani zake alikutana na jibu la kompyuta lenye namba 410, ambayo maana yake ni kwamba kitu kilikuwepo na kimeondolewa kwa makusudi, usirudi kukitafuta. Waliomfahamu waliogopa, wengine wakadhani amepatwa na msiba. Ikajulikana kwamba ni mzima. Alikuwa ameamua tu kuondoka. Ilikuwa haki yake.

Lakini vitabu vyake havikupotea. Kitabu chake cha kufundisha lugha ya Python na kile cha HTML5 alikuwa amevitoa kwa leseni huru, leseni ambayo mwenyewe hangeweza kuirudisha mfukoni. Ndani ya muda mfupi wasomaji waliokuwa na nakala wakavipandisha tena kwenye anuani nyingine, na hadi leo wanafunzi wanavisoma. Wala hawakumwibia. Aliwapa mapema, kwa maandishi, uwezo wa kuendelea bila yeye. Ni b2 kwa mara ya pili. Safari hii aliyeondoka ni yule yule aliyewaeleza watu kwa nini jambo hilo ni la maana.

Kuna wanaosema, basi, suala limekwisha: WordPress ni huru, kila mtu aingie humo alale. Mwaka 2024 uliwaamsha. Mwezi Septemba, Mullenweg, yule kijana wa Houston ambaye sasa anaongoza kampuni kubwa iitwayo Automattic, aligombana hadharani na WP Engine, kampuni inayowapangishia wateja nafasi ya tovuti za WordPress. Alidai walipe asilimia nane ya mapato yao kwa kutumia jina la WordPress. Walipokataa, aliwafungia njia ya WordPress.org, ambako mamilioni ya tovuti huchukua marekebisho ya usalama. Mwezi Oktoba, programu-jalizi moja maarufu iliyokuwa ya WP Engine ikachukuliwa kwenye ghala hilo na kupewa jina jingine. Mwezi Desemba mahakama ya California ikaamuru njia ifunguliwe.

Wateja wa WP Engine, wakiwemo watu wadogo wasiohusika na ugomvi, walijikuta katikati. Msimbo ulikuwa huru siku zote, hakuna aliyeugusa. Ghala la marekebisho lilikuwa chini ya mtu mmoja. Hiyo ndiyo sehemu ambayo maandishi ya 2004 hayakuigusa: uhuru wa programu hauingii wenyewe kwenye vitu vinavyoizunguka. Jina ni la nani? Ghala ni la nani? Nani ana neno la siri?

Kwa Congo swali la mwisho ndilo zito kuliko yote, na halihitaji elimu ya kompyuta. Ni jambo la kawaida redio ya jamii au shirika dogo kumlipa fundi awatengenezee tovuti. Fundi ananunua jina kwa barua pepe yake mwenyewe, kwa sababu ni haraka. Anaweka neno la siri kichwani mwake. Miaka miwili baadaye anapata kazi Kampala, au wanagombana juu ya dola mia moja. Programu ni huru kama hewa, ila tovuti ni ya fundi. Wenye tovuti hiyo huanza nyingine yenye herufi moja ya ziada kwenye jina, na ile ya kwanza huzimika taratibu mwaka wa malipo ukiisha. Si wizi kila mara. Mara nyingi ni uzembe wa pande mbili, kama vile mtu anayepanga nyumba, anatoa miezi sita ya garanti, na hadai risiti.

Anayeanza leo anaweza kuanza na risiti hiyo. Jina la tovuti lisajiliwe kwa barua pepe ya shirika yenyewe, na neno la siri lijulikane na watu wawili wasiokaa mji mmoja. Nakala ya yote iwe mahali pengine. Ndani ya WordPress kuna kitufe cha kutoa maandishi yote kama faili moja. Picha hazimo humo, zinachukuliwa peke yake. Facebook nayo ina sehemu ya kupakua kila kitu ulichoandika, ambayo watu wachache sana wanaijua, na kuitumia ni kazi ya jioni moja yenye umeme. Faili la maandishi ya miaka sita ya yule kijana wa Uvira, bila picha, lingeenea kwenye flash ndogo inayouzwa pembeni mwa barabara, na nafasi kubwa ingebaki.